Lugha nne zilizogomewa na Windows

Kazi niliyopewa ilikuwa kuhamisha orodha za maneno ya lugha mbalimbali kutoka kompyuta ya Linux kwenda kwenye kompyuta ya Windows 7. Kila lugha ilikuwa na faili lake, na kila faili liliitwa kwa msimbo wa herufi tatu wa kiwango cha ISO 639-3, kile kilichotolewa mwaka 2007 na kinachozipa misimbo lugha zaidi ya 7,000. Kiswahili kilikuwa swh.txt. Niliupenda utaratibu ule kwa sababu ni mfupi na hauna utata. Nikafungua zip, faili moja lililobeba orodha zote, mafaili yakaanza kumiminika ndani ya folda, mara kazi ikakwama kwenye aux.txt.

Nikaliruka. Ikagoma tena kwenye con.txt. Mpaka mwisho, nul.txt na prn.txt nayo hayakuonekana ndani ya folda.

Nikatazama jedwali la misimbo. Aux ni Aurá ya Brazil. Con ni Cofán, lugha ya mpakani mwa Ecuador na Colombia. Nul ni Nusa Laut ya visiwa vya Maluku, Indonesia, na prn ni Prasuni ya milima ya Nuristan, Afghanistan. Iliniuma. Hizi ni lugha ndogo, ambazo kupata hata orodha moja ya maneno yake ni bahati, na ndizo hizo zilizoachwa nje.

Nikajaribu kutengeneza faili lenye jina con kwa mkono wangu. Windows ikajibu kwamba jina la kifaa nililotaja si halali. Kifaa kipi tena? Mimi nimetaja faili.

Nikamwendea mzee mmoja wa pale kazini, aliyeanza kompyuta enzi za DOS, mfumo uliotangulia Windows. Alipoyaona yale majina manne akatabasamu, akavuta kiti.

"Kijana, hayo si mafaili. Hivyo ni vifaa. Hebu sogea."

Akafungua dirisha jeusi la amri, akaandika COPY CON barua.txt na kubonyeza Enter. Kishale kikashuka mstari wa chini, kikatulia. Akachapa sentensi moja, akabonyeza Ctrl na Z, kisha Enter, na mashine ikasema imenakili faili moja. Kumbe CON ni kibodi ukisoma kutoka kwake, na ni skrini ukiandika kwake. Alichokichapa kilikuwa kimenakiliwa kutoka kwenye kibodi moja kwa moja hadi diskini. PRN ni printa: zamani ukinakili barua kwenda PRN, karatasi inaanza kutoka. AUX ni tundu la modemu. Na NUL ni shimo lisilo na mwisho, ukitumbukiza kitu hukioni tena.

"Sasa tazama hii," akasema, akaandika COPY barua.txt nul.txt. Mashine ikajibu vilevile kwamba imenakili faili moja. Akaorodhesha mafaili ya folda. Hakuna nul.txt.

Hapo ndipo niliposhtuka kweli. Faili linalogoma angalau linakupa taarifa. Hili la Nusa Laut lingepotea huku mashine ikinihakikishia kwamba kila kitu ni salama.

Nikamuuliza, "Sasa mzee, mbona Linux haina shida hii? Si nayo ina vifaa vyenye majina?"

Akanieleza kwamba Unix, mfumo ambao Linux inafuata nyayo zake, iliviweka vifaa vyake ndani ya folda moja, /dev, kwa hiyo null ya mle haigombani na faili lolote la kwingine. DOS ya kwanza, iliyotoka na kompyuta ya IBM mwaka 1981, haikuwa na folda kabisa. Mafaili yote ya disketi yalikaa pamoja, na desturi ya kuviita vifaa kwa majina ilikuwa imetoka kwenye CP/M, mfumo wa Gary Kildall wa miaka ya 1970. Folda zilipokuja na DOS 2.0 mwaka 1983, tayari kulikuwa na programu zilizozoea kuandika PRN na kuikuta printa popote zilipo. Ili zisivunjike, majina yale yakahesabiwa kuwa yamo ndani ya kila folda.

"Na ile .txt mbona haisaidii?"

Programu nyingi za wakati ule, akasema, zilibandika herufi za baada ya nukta zenyewe. Ukiitajia PRN, yenyewe inaandika PRN.LST. Mfumo ukapuuza kilicho baada ya nukta ili kazi ifike kwenye printa. Niliona ni uamuzi wa busara kwa siku zile, na bado naona hivyo. Aliyeuamua asingeweza kujua kwamba ipo siku Prasuni itahitaji herufi zilezile tatu.

Mzee akanionyesha njia ya mkato: ukianza anwani ya faili na \\?\ Windows inalipokea jina lilivyo. Ila akanionya kwamba programu nyingine zitashindwa kulifungua, hata kulifuta. Akashauri nibadilishe yale manne tu, niweke alama ya mstari wa chini (_) mbele ya jina.

Sikukubali. Mtu anayetafuta Cofán asilazimike kujua kwamba lugha yake ina sheria ya peke yake. Mzee aliona ni kazi bure kugusa majina yote kwa ajili ya manne, tukabishana kidogo, akaniachia. Nikarudi kwenye Linux, nikaandika programu fupi ya kuongeza neno mbele ya kila faili: lugha_con.txt, lugha_swh.txt, na mengine yote vivyo hivyo. Zip mpya ikafunguka bila kugoma. Kwenye maelezo ya mkusanyiko nikaongeza aya inayoeleza hilo neno la mbele ni la nini, ili atakayerithi kazi asidhani ni urembo akaliondoa.