Nilivyoachana na filta ya kanista nikatoboa tanki la samaki

Tanki langu ni la sentimita 150 kwa 60 kwa 60, yaani lita 540, na limekaa sebuleni kwangu Tabata, Dar es Salaam, juu ya stendi ya chuma niliyochomelewa na mafundi wa mtaa wa Gerezani. Ndani wapo mbuna wa Ziwa Nyasa, wale wa bluu na njano wanaoishi kwenye miamba. Samaki wakorofi hao. Ukiwafuga wachache, mbabe mmoja anawamaliza wenzake, ndiyo maana wafugaji huwajaza ili ugomvi ugawanyike. Sasa samaki wengi ni kinyesi kingi, na kinyesi kingi kinataka filta ya maana.

Nilianza na kanista, lile dude kama ndoo lenye mfuniko wa klipu linalokaa chini ya tanki na mipira miwili. Niliipata kwa mtu aliyekuwa anahama. Kwa miezi minne sikuwa na malalamiko, maji yalitakata mpaka mgeni mmoja akaniuliza kama nimeshajaza.

Usiku mmoja wa Machi, joto lile la kulala chini kwenye marumaru, umeme ulikatika saa tatu. Ulirudi saa kumi na mbili asubuhi na filta ikajiwasha yenyewe. Niliamshwa na harufu ya mayai viza. Samaki wote walikuwa juu wakihema, na kwenye mdomo wa bomba yalikuwa yanatoka maji ya kahawia. Nilichomoa plagi kwa mikono inayotetemeka. Saba walikufa kabla ya saa sita mchana.

Ilibidi nijifunze kwa nini. Ndani ya filta ile wanaofanya kazi kubwa ni bakteria: wanageuza amonia ya kinyesi kuwa naitraiti, kisha wengine wanaigeuza kuwa naitreti ambayo haina sumu kali. Hao wanahitaji oksijeni. Kanista imefungwa kabisa, maji yakisimama oksijeni inaisha ndani ya saa chache, bakteria wanakufa, na wanaingia wale wa kuozesha wasiohitaji hewa. Tena maji ya moto hayashiki hewa nyingi. Lita moja kwenye nyuzi 20 hubeba miligramu 9 hivi za oksijeni, kwenye nyuzi 30 ni kama 7.5 tu. Na tanki la Dar mwezi wa tatu bila feni linafika 30 vizuri tu.

Kwa hiyo swali langu likabadilika. Nikaacha kuuliza filta ipi ina nguvu, nikauliza ipi haiozi umeme ukikatika. Kanista kubwa zaidi ingekuwa ndoo kubwa zaidi ya uozo. Zile za kuning'iniza ukingoni ni za matanki madogo. Filta za sponji za pampu ya hewa ni rahisi na nazipenda, lakini kwa lita 540 za mbuna ningejaza sponji tanki zima. Ikabaki sampu: tanki la pili, la wazi, chini ya lile kubwa. Maji yanashuka yenyewe kwa tundu, yanapita kwenye vichujio, pampu inayarudisha juu. Kwa kuwa liko wazi, hata maji yakisimama hewa inaingia kidogo kidogo.

Nikahamishia samaki kwenye mapipa, nikamwita fundi vioo. Aligonga kioo cha ubavuni, akakiangalia kwa pembeni, akaniuliza mara mbili kama si cha tempa, yaani kioo kilichokomazwa kwa moto, maana tempa ukiigusa na drili inasambaratika yote kuwa punje. Haikuwa tempa. "Bosi, kikipasuka tusilaumiane," akasema, akaanza kuzungusha taratibu huku mimi namwagia maji kwa kikombe. Dakika kumi na tano ambazo sitaki kuzirudia.

Pampu niliinunua Kariakoo. Boksi linasema lita 5,000 kwa saa, lakini hesabu hiyo ni bila kupandisha maji. Nilikinga ndoo ya lita 20 pale juu nikashika saa ya simu: ikajaa kwa sekunde 24. Hizo ni lita 3,000 kwa saa. Kanuni ninayoifuata ni kuzungusha tanki zima angalau mara tano kwa saa, ambayo kwangu ni 2,700, basi ikanitosha. Inakula wati 40, karibu uniti moja ya LUKU kwa siku.

Vichujio sikununua vya bei. Juu dodoki na sponji, chini vizibo vya chupa za maji na mawe ya volkano yenye matundu. Katikati nilitia sponji za kanista nyingine ya rafiki, zilizokuwa na bakteria hai, vinginevyo ningesubiri wiki nne hadi sita ndipo samaki warudi. Sponji hizo nazisuuza kwa maji ya tanki tu, kwa sababu klorini ya bombani inaua bakteria.

Siku ya majaribio nilizima umeme makusudi. Mdomo wa bomba la kurudisha ulikuwa sentimita 5 chini ya maji, kwa hiyo maji yakaanza kujivuta kurudi chini, kama mtu anavyonyonya petroli kwa mpira. Kwenye tanki langu kila sentimita moja ni lita 9. Zikashuka lita 45, sampu ilikuwa na nafasi ya 30. Zilizobaki zilikwenda kwenye zulia, na mke wangu alikuwa amesimama pale pale. "Hongera, baba," alisema tu. Nilitoboa kitundu kidogo kwenye bomba, chini kidogo ya usawa wa maji, ili livute hewa mapema likate mvuto, kisha nikachora mstari kwenye sampu ambao maji hayavuki.

Nimeongeza pampu ndogo ya hewa ya betri inayojiwasha umeme ukikatika. Naitreti haiondoki kwa filta, kwa hiyo kila Jumamosi nabadilisha robo ya maji.

Kilichonishinda mpaka leo ni kelele za maji yanaposhuka kwenye tundu. Mama mkwe alipokuja kulala wiki iliyopita, aliamka usiku akaenda jikoni kufunga bomba.