Basi Wewe Ungefanyaje?

Machi 2003, wakati vita vya Iraki vilikuwa vimebakiza siku chache kuanza, chama chetu cha midahalo chuoni kilileta hoja kwamba Saddam Hussein, mtawala wa Iraki, ang'olewe kwa nguvu kwa sababu ya silaha anazodaiwa kuficha. Mimi nilikuwa msemaji wa upande wa kupinga.

Nilikuwa nimejiandaa. Mwezi uliotangulia Colin Powell, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, alikuwa ameliambia Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kwamba Iraki inaficha silaha za maangamizi, ilhali wakaguzi wa silaha wa Umoja wa Mataifa chini ya Hans Blix, waliorejea huko Novemba 2002, hawakuwa wamezikuta. Nikauliza ushahidi uko wapi. Nikauliza nani atashika nchi serikali ikianguka, na lile jeshi lote lenye bunduki litakwenda wapi. Ukumbi ulitulia, nikaanza kujiona mshindi.

Msemaji wao akasimama. Hakugusa swali hata moja. "Ndugu msemaji," akasema kwa upole wa kuudhi, "usiyoyataka tumeyasikia. Basi wewe ungemfanyaje Saddam?"

Makofi yalipasua ukumbi. Nikajibu kwamba sina mpango wa kumwondoa. Wakacheka. Nikapaza sauti: kukosa kwangu mpango hakuufanyi wa kwenu kuwa mzuri, anayetaka kutuma majeshi ndiye wa kututhibitishia, si anayeuliza yanakwenda kufanya nini. Kutovamia nako ni uamuzi.

Hapo mwenzake akataja Halabja, mji wa Wakurdi wa Iraki uliomiminiwa gesi ya sumu na majeshi ya Saddam mwaka 1988, watu wakafa kwa maelfu. Hilo lilinikata maini kuliko kicheko chote, maana lilikuwa kweli, na uamuzi niliokuwa nautetea ungewaacha watu wa namna hiyo chini ya mtawala yule yule. Nilikiri hivyo hadharani. Kura zikapigwa, tukashindwa vibaya.

Nje mlangoni yule msemaji alinishika bega. "Ungesema tu wakaguzi waongezewe muda, kama wanavyotaka Wafaransa na Wajerumani. Ungetubana."

"Nalijua hilo," nikamwambia. "Lakini wakaguzi walitumwa kutafuta silaha. Wewe uliniuliza habari za kumwondoa mtu. Mlianza na silaha, mkamalizia na Saddam, halafu mkanidai mimi suluhisho la jambo ambalo halikuwa sababu yenu ya kwanza." (Laiti ningeyasema hayo ndani! Majibu mazuri yana tabia ya kusubiri nje ya ukumbi.)

Mabomu yalianza kuanguka Baghdad tarehe 20. Mwezi Mei, Paul Bremer, aliyepewa na Marekani usimamizi wa nchi ile, akalivunja jeshi la Iraki kwa amri, na mamia ya maelfu ya wanaume wenye mafunzo ya silaha wakabaki bila kazi. Nilimtafuta rafiki yangu, yule msemaji wao, maktaba nikamkumbusha swali langu la jeshi.

"Sawa," akasema, hajainua macho kitabuni. "Na wewe bado hujanijibu la Saddam."

Nikavuta kiti, tukaanza upya.