Trekta Limegoma na Mwani Umejaa Ufuoni

Saa 11 alfajiri. Adhana hainiamshi tena siku hizi, hunikuta nishaanza kutafuta ndara. Chai ya rangi, mahamri mawili ya jana, kisha mbio hadi feri ya Likoni. Ng'ambo ya pili napanda matatu: daraja la Nyali, Kongowea, halafu barabara ya Malindi mpaka hotelini. Kwenye karatasi mimi ni mtunza bustani. Siku nyingi nashika spana kuliko mkasi.

Saa 1 asubuhi. Ni kusi, na kusi ndiyo msimu wa mwani. Usiku mmoja bahari imetapika tuta linalofika magotini, na harufu yake ishapanda hadi kwenye meza za chai za wageni. Leo pia ni bamvua: maji yatakupwa kabisa mnamo saa 4, na kufika saa 7 yatakuwa yanarudi kwa kasi. Kwa hivyo trekta letu dogo la dizeli lina saa chache za kuvuta reki.

Nikakaa, nikakanyaga klachi, nikazungusha ufunguo. Likawaka mara moja. Nikaingiza gia, nikaachia klachi, likazima. Tena, likazima. Mara ya tatu likaenda kama hatua kumi, likaruka mzizi wa mvinje, kimya.

"Unga waya hapo chini ya kiti, mwanangu, tumalize," akasema mzee tunayefanya naye kazi. "Yule fundi aliyekutangulia hakuwa na haja ya kuhangaika."

"La, Ami. Nipe nusu saa."

Nusu saa! Fundi na muda wake.

Saa 2. Trekta likiwaka vizuri kisha likazima unapoingiza gia, stata na betri ziache. Tazama kiti. Chini yake mna swichi: ukikaa, uzito wako unabonyeza kitufe na umeme unapita. Ukiinuka huku gia imeingia, au shafti ya nyuma inazunguka, umeme unakatika, valvu ya dizeli inafunga, injini inakufa. Hiyo shafti inayoendesha mashine ya kukatia nyasi huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara tisa kila sekunde. Mzee wangu hufanya kazi na kikoi kiunoni. Ncha ikinaswa pale, hata "yallah" hutawahi kuisema.

Nikatoa ufunguo, nikafungua waya hasi wa betri, nikainua kiti, nikachomoa plagi ya swichi. Mita ya umeme kwenye mlio (hulia umeme ukipata njia), ncha mbili kwenye miguu ya swichi, nikabonyeza kwa kidole gumba: piii. Nikaachia: kimya. Nikarudia mara ishirini. Swichi nzima kabisa. (Ziko trekta ambazo hulia kinyume, basi soma kitabu cha lako kwanza.)

Basi ni waya. Nikaushika mmoja mmoja karibu na plagi, nikavuta polepole. Wa kwanza mgumu. Wa pili ukarefuka kama lastiki. Hapo hata mita sikuihitaji. Nikaubambua kwa kisu: ndani shaba imegeuka unga wa kijani, ule ule unaouona kwenye sufuria ya shaba iliyopotewa na bati. Nyuzi mbili tatu tu zilikuwa bado zinashikana, na kila tukiruka mzizi zinaachana. Hii ni chumvi. Mchana trekta liko ufuoni, jioni hakuna anayelimwagia maji baridi.

Nikakata nikirudi nyuma hadi nikakutana na shaba inayong'aa, karibu shibiri moja. Nikaunga kipande kipya, nikatia lehemu, nikavisha mpira wa kubana kwa moto, nikasugua miguu ya plagi kwa msasa laini na kuipaka grisi. Waya nikaufunga mbali na springi ya kiti.

Saa 4 na nusu. Linawaka, linatembea, linaruka mzizi wa mvinje bila kukohoa. Mzee akapiga makofi. Lakini mimi nina tabia moja: nikigusa swichi moja nazijaribu zote. Nikaondoa mashine ya nyasi, nikamwambia kila mtu asogee, nikaweka wenzo wa shafti ya nyuma mahali pa kazi, nikazungusha ufunguo. Shafti ikiwa hapo, linatakiwa kukataa kuwaka. Stata ikazunguka.

Nikafuata waya. Chini ya wenzo, ndani ya tepu nyeusi iliyopigwa vizuri kama zawadi, nyaya mbili zimesokotwa pamoja, umeme upite bila kupitia swichi ya shafti. Na swichi yenyewe iko hapo hapo, kitufe kimevunjika shingoni. Nimekaa juu ya trekta hili tangu mwaka jana.

Nikazifungua. Bila shaka trekta likagoma kuwaka kabisa.

Saa 5. Bosi akaja na simu sikioni. Jumamosi kuna harusi ufuoni, na kwa hesabu yake nimepokea trekta linalozima nikamrudishia trekta lisilowaka. Si uongo. Akaniuliza kwani zile nyaya haziwezi kurudishwa zilivyokuwa, hata kwa leo tu. Nikamwambia zinaweza, ila mtu mwingine azirudishe. Akaondoka bila jibu, na hilo bado linanikaa tumboni.

Tukachukua reki za mkono na mikokoteni, watu sita. Saa 8 maji yakatukuta tumefika nusu, yakarudisha mwani kiasi juu ya tulikosafisha. Sikutazama upande wa mzee.

Saa 12 jioni. Feri imejaa, upepo wa kusi unapiga ubavuni. Swichi iliyovunjika iko mfukoni, nimeifunga kwa gazeti. Duka la kwanza mjini hawana, la pili wamesema niende na sampuli kesho asubuhi, watazame kama ipo inayolingana miguu.