Kubanwa na punda Mkomani

Boti ya kutoka Mokowe, gati la bara, kwenda kisiwa cha Lamu ilianza kuniudhi kabla haijang'oa nanga. Mimi mgeni nilitozwa elfu moja. Mama aliyeketi ubavuni mwangu alitoa noti hiyohiyo akarudishiwa chenji nono. Nikanyamaza.

Mji wenyewe wa kale wa Lamu, ule uliotiwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2001, ni hekta 16 tu, nami nilipanga kuumaliza asubuhi moja. Punda wakapanga vingine. Katika kichochoro kimoja cha mtaa wa Mkomani walinitokea konani, wamebebeshwa magunia ya mchanga, nami sina pa kupitia ila kujirusha kwenye daka, kibaraza cha mlangoni, la nyumba ya watu. Wa mbele akagoma palepale. Akapigiwa mluzi, akasukumwa, akabembelezwa, wapi!

“Keti, mwanangu, huyo hana haraka,” akasema mzee mmoja fundi aliyekuwa akipiga lipu chini ya wikio, pale nyumba mbili zinaposhikana juu ya njia. Nikamwamkia, nikaketi.

Lipu yake ilikuwa ya chokaa. Nikamuuliza kwa nini asitumie saruji amalize mapema. Akaniangalia kama nimemtukania mkwewe. “Ukuta huu ni matumbawe, wavuta maji. Chokaa yayaacha yatoke. Saruji yayafungia ndani, kisha lipu yote yabanduka.” Akaniambia pia kwamba boriti za mikoko zinazobeba dari hazifiki mbali, ndiyo maana vyumba vya kale vina upana wa chini ya mita tatu. Kumbe ndiyo siri ya chumba changu cha kulala wageni, kirefu na chembamba kama ujia! Bei yake, hata hivyo, haikupunguzwa na boriti.

Mwenye daka akatoka na kahawa. Yeye hamu yake ilikuwa kuongeza ghorofa ya matofali, akakataliwa kwa kuwa mji unahifadhiwa. Kuikarabati nyumba kwa chokaa na boriti anaruhusiwa, ila gharama ni yake.

Ngome iliyokamilika mwaka 1821 niliipitia mbiombio; ya ufukwe wa Shela sina la kusimulia.

Nilichofikiria njia nzima ya kurudi Nairobi ni mtaa wetu wa Kilimani. Zile nyumba za vigae ambazo utotoni tulizirukia ua kuiba matunda zimevunjwa karibu zote, yakasimama maghorofa. Mimi mwenyewe napanga katika mojawapo. Vyumba ni vipana, sikatai, ila maji tunaletewa kwa lori.