Sanduku la Ami: Nilivyotenganisha Kaharabu, Sandarusi na Plastiki

Marehemu ami yangu aliacha nyumba Mji Mkongwe, minazi kadhaa Makunduchi, na sanduku la mbao lililojaa vitu vya rangi ya asali. Nyumba na minazi vilikuwa na njia yake, maana mirathi inajulikana na kila mrithi ana fungu lake. Sanduku ndilo lililoleta maneno. Mtoto wake mkubwa alishikilia kwamba mle ndani mna kaharabu, yaani utomvu wa miti ya kale uliogeuka jiwe, ya thamani ya mamilioni. Mfanyabiashara mmoja alishafika nyumbani, akakagua kwa jicho tu, akataka kulibeba lote kwa bei ya jumla. Mjane akaniita.

"Mwanangu, wewe ndiye uliyekuwa ukikaa naye na vijiwe vyake. Tuambie kipi ni kipi, tusije tukala haki ya mtu."

Ni kweli, mimi na ami tulikuwa na ugonjwa mmoja wa kukusanya visukuku, yaani mabaki ya viumbe vya kale yaliyohifadhika mawe. Kuugua ugonjwa huo Unguja ni rahisi, kwa sababu sehemu kubwa ya kisiwa imekaa juu ya mwamba wa matumbawe ya kale. Ukitembea maweni upande wa kusini na mashariki unakanyaga matumbawe, kome na makombe ya bahari iliyokuwa juu kuliko ya leo, zaidi ya miaka 100,000 iliyopita. Katika pango la Kuumbi, Jambiani, wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua mifupa ya punda milia, mnyama ambaye Unguja haumuoni leo, kutoka enzi ambayo kisiwa kilikuwa kimeungana na bara. Lakini hakuna anayepoteza muda wake kughushi tumbawe. Bandia hufuata bei, na katika sanduku la ami bei ilikuwa kwenye vile vya rangi ya asali.

Mali ya mirathi haichezewi. Ukiuliza watu jinsi ya kutambua kaharabu, tisa kati ya kumi watakwambia uchome kwa sindano ya moto unuse moshi. Kipimo hicho kinafanya kazi, ila kinaacha tundu, na tundu kwenye punje ya tasbihi ni hasara ya warithi wote. Tena kuna shanga za zamani za seluloidi, aina ya plastiki, ambazo zikiguswa na moto huwaka ghafla mkononi mwako. Kwa hiyo nilijipangia utaratibu: kwanza macho na kile kioo cha kukuzia wanachotumia masonara, halafu taa, halafu maji ya chumvi, na mwisho kabisa asetoni, ile wanayoondolea rangi ya kucha, mahali pasipoonekana. Sindano niliiacha kwa vipande vilivyokwisha kuvunjika vyenyewe.

Vingine havikuhitaji hata kioo. Palikuwa na nge ndani ya "kaharabu" safi kama kioo cha dirisha, amekaa katikati kabisa, mkia umepinda vizuri, miguu yote minane imetandazwa sawasawa kama aliyepigwa picha ya pasipoti. Nge aliyenaswa na utomvu wa mti hufa akipigana. Miguu hukunjana, viungo vingine hukatika, na michirizi ya utomvu humzunguka pale alipojitupa. Yule alikuwa wa plastiki ya kumwagwa kwenye kalibu. Palikuwa pia na trilobaiti, mnyama wa bahari wa kale mwenye gamba, iliyotoka Moroko, ambako uchongaji wa visukuku ni kazi ya watu wengi. Chini ya kioo nikaona vitundu vya duara vya hewa kwenye mgongo wake. Jiwe la chokaa halina mapovu. Gundi na unga wa mawe vikikauka ndani ya kalibu ndivyo vinavyoacha mapovu. Nikaweka pembeni.

Kisha nikafika kwenye mabonge yenyewe, na hapa ndipo nilipomaliza siku nyingi. Ami aliyanunua kwa miaka kutoka kwa watu wa Mrima, pwani ya bara iliyo mkabala na Unguja, mengi yakiwa na wadudu ndani, na mwanawe alikuwa akiyaita kaharabu. Mimi nilianza na dhana nyingine. Kitu cha namna hii kikiwa Zanzibar, dhana ya kwanza iwe sandarusi, utomvu mgumu wa msandarusi ulio mchanga kuliko kaharabu, mpaka ithibitike vingine. Katika karne ya 19 sandarusi ilikuwa pamoja na pembe za ndovu na karafuu katika bidhaa zilizoijengea Unguja jina. Marekani ilifunga mkataba wa biashara na Sayyid Said mwaka 1833, na balozi mdogo wao wa kwanza, Richard Waters, akafika mwaka 1837 akitokea Salem, jimbo la Massachusetts. Wafanyabiashara wa mji huo waliinunua kwa ajili ya vanishi ya samani na magari ya farasi. Ilichimbwa Mrima, mara nyingi mahali ambapo msandarusi wenyewe haupo tena, ikaletwa Unguja kuuzwa na kusafishwa.

Wazee wa biashara hiyo walitenganisha mapema chakazi na sandarusi ya kuchimbwa. Chakazi ni utomvu mbichi, uliotoka mtini au uliolala juu juu ya ardhi. Sandarusi ya kuchimbwa ikioshwa kwa maji ya magadi ganda lake la nje likatoka, uso wake hubaki na vipele vidogo vidogo vilivyojipanga. Chakazi haina vipele hivyo. Mabonge matano ya ami yalikuwa navyo, wazi kabisa chini ya kioo, upande ambao haukupigwa msasa. Mengine yalikuwa yamesuguliwa yakang'aa pande zote, alama zote zimefutwa. Ndiyo maana siku hizi nikinunua kipande napenda kiwe kimesuguliwa upande mmoja tu.

Kwa yaliyong'arishwa nikatumia kiganja. Unasugua kwa nguvu na kwa haraka mpaka pachemke. Sandarusi changa huanza kunata na kutoa harufu ya utomvu, kaharabu hubaki kavu. Nikaangalia pia nyufa. Sandarusi ikikaa miaka nje ya ardhi, uso wake hukauka na kujaa mtandao wa nyufa ndogo, kwa sababu ndani yake bado mna mafuta yanayopotea hewani. Kaharabu nayo hupata nyufa, lakini kwa mwendo wa pole zaidi. Baada ya hapo ndipo tone la asetoni kwenye kona isiyoonekana. Chakazi hunata upesi. Ile ngumu ya kuchimbwa inajitetea, na mtu mwenye haraka anaweza kuitangaza kaharabu. Hata watengeneza vanishi wa zamani ilibidi waiyeyushe kwa moto mkali kwanza ndipo ikubali kuchanganyika na mafuta ya kitani. Kwa hiyo kwa mabonge yale yenye vipele sikutegemea asetoni, vipele vilishasema.

Wadudu ndio walionikalisha usiku. Bonge la kweli linaweza kupandikizwa mdudu wa uongo, na hila hiyo imewahi kuwapita wakubwa. Makumbusho ya Historia ya Asili ya London yalikuwa na nzi ndani ya kaharabu ya Baltiki, Ulaya ya Kaskazini, aliyeheshimiwa miaka mingi. Bingwa wa wadudu Willi Hennig alimchunguza miaka ya 1960 akaridhika naye. Mwaka 1993 Andrew Ross alikuwa akimtazama kwenye hadubini, joto la taa likafungua ufa, na kumbe kaharabu ilikatwa katikati, ikachimbwa kishimo, akatiwa nzi wa siku hizi, vipande vikagundishwa. Tena nzi wenyewe ni wa jamii ya nzi wa chooni! Nilipowasimulia binamu zangu kisa hiki walicheka, halafu wakaacha kunihimiza.

Mbinu niliyotumia inatoka jikoni. Nilipika shira nzito ya sukari, nikaiacha ipoe kabisa, nikaitia kwenye bilauri ya kioo na kuzamisha bonge ndani yake. Maji matupu hupindisha mwanga tofauti na sandarusi, lakini shira huikaribia, kwa hiyo mikwaruzo ya juu hupotea machoni na unaona ndani kama hakuna uso. Unatafuta mstari ulionyooka unaopita ng'ambo hadi ng'ambo, maana huo ni mshono wa gundi. Unatafuta tundu la kuchimba lililojazwa, na mapovu yaliyojikusanya kumzunguka mdudu peke yake. Ukimaliza unaosha kwa maji vuguvugu na kufuta, la sivyo sisimizi walio hai watawafuata wale wa kale.

Bonge moja kati ya mabonge mazuri lilikuwa na mshono, na ndani yake kipepeo aliyekunjua mbawa. Mengine yalikuwa safi. Mlikuwa na sisimizi, mbawakawa, kumbikumbi waliopoteza mbawa, na nyuki wadogo wasiouma. Hao nyuki hukusanya utomvu kwa ajili ya viota vyao, ndiyo maana hunaswa mara nyingi, na kwangu mimi kuwaona wamebanana katika kona chafu ya bonge ni dalili njema kuliko mdudu mmoja mkubwa aliyekaa mahali pa heshima.

Nilipotoa majibu, binamu yangu mkubwa alikunja uso. "Kwa hiyo, kaka, ni feki?"

Hapo nilitumia muda mwingi kuliko kwenye vipimo. Sandarusi iliyoitwa sandarusi si feki hata kidogo. Inakuwa feki pale tu inapouzwa kwa jina la kaharabu. Kaharabu ya Baltiki ina umri wa zaidi ya miaka milioni 30, wakati sandarusi nyingi za Afrika Mashariki na Madagaska, kwa vipimo vya kaboni, ni za mamia au maelfu ya miaka. Mwaka 2020 watafiti walipendekeza jina la kopali, ndilo wanaloiita sandarusi na utomvu wa namna yake, libaki kwa utomvu wa kabla ya mwaka 1760 tu, na ule wa baada ya hapo upewe jina lake. Lakini mti uliotoa kaharabu ya Jamhuri ya Dominika mamilioni ya miaka iliyopita, uliopewa jina la Hymenaea protera, ndugu yake wa karibu aliye hai leo ni msandarusi wetu, Hymenaea verrucosa. Mtafiti anayetaka kuielewa kaharabu ile hutazama huku kwetu. Na wadudu waliomo ni wa msitu wa pwani kabla haujakatwa kama ulivyo sasa. Bei yake ni ndogo kuliko ya kaharabu, sikumficha, ila ni bei ya kweli, na mnunuzi hawezi kurudi kesho kudai fedha zake.

Zikabaki tasbihi. Kwa hizo nilikwenda Mkunazini kwa mzee anayetunga na kutengeneza tasbihi, kwa sababu punje lazima zitolewe uzini kabla ya kupimwa. Uzi unabeba hewa, kishada cha fedha kina uzito wake, ukizitia majini zilivyo utapata jibu la uongo. Mzee akazifungua, akachungulia matundu. Punje ya kaharabu iliyotumika miaka, mdomo wa tundu lake hulika na kumeguka kidogo kwa kugongana na mwenzake.

"Hii, kijana, vidole vimepita hapa," akasema, akanirudishia ya pili. "Ile ya kwanza ni bakelaiti, plastiki ya zamani. Lakini usinisikilize mimi, katie majini."

Nilikoroga chumvi gramu 50 hivi katika mililita 250 za maji mpaka ikayeyuka yote. Kaharabu na sandarusi huelea humo. Bakelaiti, kioo na plastiki nyingi nzito huzama. Punje za tasbihi ya kwanza, ile nyekundu iliyoiva ambayo kila mrithi aliitaka, zilizama moja baada ya nyingine. Bakelaiti iligunduliwa mwanzoni mwa karne ya 20, na zamani ikachongwa tasbihi nyingi. Kwa wakusanyaji ina soko lake, kwa hiyo haikutupwa. Za pili na za tatu zikaelea. Kuelea peke yake hakutoshi, maana polistireni, plastiki nyingine, nayo huelea, ila hiyo asetoni huila papo hapo, na punje hizi hazikuguswa. Usiku nikazimulika kwa ile taa ya zambarau wanayokagulia noti madukani. Zote mbili zikatoa mwanga wa buluu iliyofifia, unaoelekea kaharabu ya Baltiki.

Ya pili tuliikubali kuwa kaharabu, ikathaminiwa hivyo. Ya tatu nimekataa kuitia bei. Chini ya kioo mapovu yake yamerefuka yote kuelekea upande mmoja, na rangi imejitenga kwa mipaka mikali ndani ya punje moja. Hizo ni dalili za kaharabu ya kushindiliwa, yaani vipande vidogo vya kaharabu halisi vilivyopashwa moto na kubanwa vikawa kitu kimoja, kazi iliyofanywa Ulaya tangu karne ya 19. Maji ya chumvi hayawezi kuitenga na kaharabu nzima, asetoni pia haina msaada wa maana hapo. Kipimo cha mwanga wa infraredi kingethibitisha kwamba malighafi ni ya Baltiki, lakini kujua kama imeshindiliwa kunataka mtu wa vito mwenye hadubini na kioo cha mwanga uliochujwa, aone mipaka ya vipande. Warithi wamekubali isiuzwe wala kugawanywa mpaka nipate wa kuipima, na mjane ameichukua kwa muda anaitumia baada ya sala.