Siku moja Grenada: basi namba 5, kungumanga na meli iliyokuwa ikitungoja

Nianze na washauri. Ukitangaza tu kwamba unapanda meli ya kitalii, kila mtu anageuka nahodha. Shoga yangu mmoja hapa Toronto, ambaye baharini hajawahi kwenda mbali zaidi ya boti ya Unguja na Dar, alinionya nisithubutu kutoka nje ya geti la bandari. Mwengine akasema visiwa vya Karibea ukiona kimoja umeviona vyote, bora nibaki melini nile, maana chakula nimeshakilipia. Wa tatu, ambaye ndiye anayehesabika mtaalamu, akaniapia kwamba njia pekee ni kununua matembezi yanayouzwa na meli yenyewe, kwa sababu mkichelewa nayo, meli inawasubiri. Hili la kusubiriwa ni kweli, namkubalia. Mengine hakuniambia.

Aliyonificha niliyaona kwenye kisiwa tulichoshuka kabla ya Grenada. Mimi na wifi yangu tulilipa dola mia na kitu kwa kichwa. Asubuhi tukaitwa kwenye ukumbi wa michezo wa meli, tukabandikwa kikaratasi cha namba kifuani, tukakaa. Namba zinaitwa, yetu haiitwi. Nje jua linapanda, sisi tumo gizani kwenye viti vya mahameli tukimtazama bwana mmoja akisinzia na kofia yake ya nyasi. Tulipoitwa, tukapanga mstari nyuma ya dada mwenye kibao, tukapanda basi lenye kiyoyozi, tukasubiri familia moja iliyokwenda msalani. Kituo cha kwanza kilikuwa duka. Cha pili, mahali pa kupigia picha, penye duka. Wifi alihesabu sumaku za kubandika kwenye friji mpaka akachoka. Ufukwe tuliupata dakika arubaini hivi, na robo ya hizo iliishia kwenye foleni ya viti. Jioni tulirudi tunakijua kisiwa kile kupitia kioo cha dirisha tu. Wifi, ambaye kwa kawaida hasemi neno baya, alisema maneno ambayo siyaandiki hapa.

Kwa hiyo Grenada nikaapa naipanga mwenyewe. Nilikuwa na sababu yangu pia. Mimi ni wa Pemba, nimekulia kwenye karafuu, na Grenada ni kisiwa cha viungo: wana kungumanga mpaka kwenye bendera ya taifa. Kisiwa chote kwa ukubwa ni kama theluthi ya Pemba. Nikasema nisipoweza kukitembea kisiwa hiki bila kuongozwa na mwenye kibao, basi nirudishe cheti cha uzawa.

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Meli inafunga gati St. George's, mji mkuu, saa mbili asubuhi, na kila abiria awe ndani saa kumi na moja na nusu jioni. Watu wengi wanaanza na ufukwe kwa sababu uko karibu, halafu mchana wakishachomeka ndipo wanakumbuka kutaka kuona kitu kingine, na hapo saa zimekwisha. Mimi nikageuza: cha mbali kwanza, wakati bado kuna nafasi ya mambo kuharibika, na cha karibu mwisho, pale ambapo hata ukiamua kutembea kwa miguu unafika melini. Na cha mbali kiwe kimoja tu. Madereva teksi pale nje wana picha za plastiki za kila kitu, maporomoko ya Annandale, ziwa la Grand Etang lililo kwenye kreta ya volkano, kiwanda cha ramu, vyote kwa siku moja. Utavifikia, sikatai. Utashuka, utapiga picha, utapanda.

Niliuchagua mji wa Gouyave, pwani ya magharibi, wenye kituo cha zamani cha kutayarishia kungumanga.

Kabla sijasahau, mambo ya saa. Simu inashika minara ya kisiwani na kubadilisha saa yenyewe, na meli inaweza kuwa imeshika saa yake nyingine kabisa. Mimi nilivaa saa ya mkono, ile ya bei rahisi, nikailinganisha na saa ya pale mapokezi nikiwa bado melini, na siku nzima sikuitazama simu kwa jambo hilo. Simu yenyewe niliiweka kwenye hali ya ndegeni, ramani nikiwa nimeipakua usiku, kwa sababu mtandao wa simu wa melini ukikugusa tu unakuachia bili ya kukutoa machozi.

Jambo jingine, nguo. Wifi alikuwa na kofia ya madoadoa ya kijeshi, anaipenda mno. Grenada raia haruhusiwi kuvaa nguo za namna hiyo, kama ilivyo kwetu Tanzania. Kofia ikabaki chumbani na wifi akanuna mpaka getini.

Getini teksi walitupokea kwa vifijo. "Dada zangu, Grand Etang! Dada zangu, nyani!" Nyani wenyewe ni tumbili wa aina ya mona, walioletwa kutoka Afrika Magharibi zama za biashara ya utumwa, na nilijiambia sikusafiri kutoka Afrika kupitia Kanada kuja kutazama tumbili wa Afrika. Tukawashukuru, tukapita. Stendi ya mabasi iko pale pale Melville Street, mwendo wa dakika chache. Mabasi ni hiace hizi hizi tunazozijua, yana namba mbele: 1 inakwenda Grand Anse kwenye ufukwe, 5 inakwenda Gouyave. Hakuna ratiba. Likijaa linaondoka. Likijaa kwa maana ya kwetu, si kwa maana ya Toronto.

Hapa ndipo naomba niringe kidogo. Watalii wawili wa meli yetu walisimama kando ya basi wakiulizana kama ni salama. Mimi nilipenya mpaka kiti cha nyuma, nikapakata mkoba, nikambana wifi dirishani. Lakini kabla ya hapo nilisalimia, na hili shika: ukiingia basi la Grenada unasema habari za asubuhi kwa watu wote, na wote wanakuitikia. Wale wawili walipoingia hatimaye wakakaa kimya, na mama mmoja aliyevaa kofia ya kanisani akawasalimia yeye, kwa sauti, mpaka wakaitika. Nikajiona nyumbani kabisa.

Barabara ya Gouyave inaambaa na bahari, kona juu ya kona, na dereva wetu alikuwa kijana mwenye haraka zake. Muziki mkubwa. Upande mmoja jabali, upande wa pili maji.

"Wifi, huyu anatuua."

"Tulia wifi," nikamwambia. "Gari za Bububu kule Unguja unazipanda kila siku."

"Bububu hakuna korongo!"

Kushuka hamna kengele. Unagonga bodi ya basi kwa vidole. Nilikuwa nimesoma habari hiyo na nikaingoja kwa hamu njia nzima. Tulipoona mji nikagonga, na mkono wangu uliozoea bati za daladala ukagonga kwa nguvu mno: basi zima likageuka. Konda akacheka, akauliza tumetoka wapi. Nikamwambia Zanzibar. Akarudia jina mara mbili na nauli akachukua ile ile ya wenyeji, dola chache za kwao. Fedha yao ni dola ya Karibea Mashariki, 2.70 kwa dola moja ya Marekani, na haibadiliki tangu 1976. Dola za Marekani wanapokea, lakini njoo na noti ndogo ndogo, maana chenji utarudishiwa kwa fedha yao, na ukimpa konda noti ya hamsini utakuwa umemtukana.

Kituo cha kungumanga ni jengo kubwa kuukuu, na harufu inakupokea barabarani kabla hujaona mlango. Kiingilio ni pesa ndogo, wanakupa mtu wa kukutembeza. Sisi alitutembeza mama mmoja mtu mzima, mpole, aliyeanza kwa kutuonyesha tunda. Alilipasua kwa kidole gumba. Nyama ya nje ya manjano iliyofifia, ndani kokwa jeusi linalong'aa kama limepakwa mafuta, na juu yake basibasi nyekundu ya kukolea, imelishika kokwa kwa vidole vyembamba vyembamba. Nikasema, basibasi. Akaniuliza nimesema nini. Ikabidi nimweleze kwamba kwetu vyote viwili vina majina, kungumanga tunatia kwenye halua na kwenye uji, na bibi yangu alikuwa na kikunio chake cha bati ambacho mtoto hagusi.

Kuanzia hapo ziara ikawa ya watu wa kazi moja. Nilimuuliza kwa nini hawaaniki juani. Sisi karafuu tunaanika kwenye majamvi, jua kali, na mvua ikitisha watoto wote wanaitwa kukusanya. Wao kungumanga hukausha kivulini, ndani, kwenye machaga mapana ya mbao, wiki kadhaa, huku wakizigeuzageuza; jua kali linayafukuza mafuta. Halafu wanazivunja ganda, na kuzitia majini: zinazozama ndizo nzuri, nzito, zinakwenda kwenye chakula, zinazoelea ni nyepesi na zina soko lake jingine. Kina mama wamekaa wanachambua kwa mikono, wanaongea, wanacheka, vidole havisimami. Magunia yamepigwa chapa ya rangi majina ya bandari yanakokwenda. Yule mama alituambia habari za kimbunga Ivan cha Septemba 2004, kilichoing'oa sehemu kubwa ya mikungumanga ya kisiwa kwa siku moja. Kabla ya hapo Grenada ilikuwa ya pili duniani nyuma ya Indonesia. Mkungumanga ukiupanda leo unangoja miaka kabla ya kuona tunda, kwa hiyo wazee wengi hawakupanda tena. Wifi, aliyekuwa bado na kinyongo cha kofia, hapo alinyamaza na kusikiliza.

Viungo nunua kule, si kwenye ufukwe. Shanga za viungo zinazouzwa Grand Anse ni nzuri kwa kutundika jikoni, lakini kwa kilo utalia. Vikavu vilipita melini na baadaye uwanja wa ndege bila swali, nilivitangaza. Matunda mabichi usijaribu.

Chakula tulikula kwa mama ntilie mmoja karibu na soko la samaki. Chakula chao cha taifa kinaitwa oil down: shelisheli, majani ya magimbi, manjano, na nyama ya chumvi, vinachemshwa ndani ya tui mpaka tui lote linywewe na sufuria ibaki na mafuta yake chini. Shelisheli la nazi! Uliza kwanza nyama gani, kwa sababu mara nyingi ni mkia wa nguruwe. Yule dada alitufunulia sufuria nyingine, ya samaki wa chumvi. Wifi alikula sahani mbili na kuniambia kwao wanakosea tu kutia majani. Hakuna aliyemuuliza.

Kurudi mjini ni kusimama barabarani. Basi linakupigia honi lenyewe. Saa nane kasoro tulikuwa St. George's. Tulipita kwa miguu kwenye handaki la Sendall, la miaka ya 1890, jembamba, magari na waenda kwa miguu humo humo, ukisikia gari unajibandika ukutani. Juu ya handaki ndiyo Fort George, alikouawa waziri mkuu Maurice Bishop tarehe 19 Oktoba 1983, na siku sita baadaye Wamarekani wakaingia. Baba yangu alikuwa akimtaja mtu huyu kila redio ikisema habari za mapinduzi. Nilitaka kupanda, kwa ajili yake. Wifi akazitazama ngazi, akanitazama mimi, akasema sahani mbili. Tukapiga picha kutoka chini.

Kwenda Grand Anse tulipanda boti badala ya basi, dola chache tu, upepo mtupu. Ufukwe ni kama kilomita tatu za mchanga mweupe, maji yametulia. Ukishuka, usikae pale pale, maana wote wa melini wanarundikana hapo. Tembea dakika kumi upande wa mbali na gati. Kivuli cha mti ni bure, na tulikuwa na kanga zetu, viti vya kukodi vya nini? Nilioga na saa yangu mkononi. Saa kumi na robo tukatoka majini, na saa kumi na moja kasoro tuko kwenye ngazi ya meli, tumeloa, mkoba unanuka halua.

Jambo moja la pasipoti kwa wenzangu wa Tanzania: meli yetu ilianzia San Juan, Puerto Rico, na pale ni Marekani. Viza yako lazima iwe ya kuingia zaidi ya mara moja, kwa sababu ukishuka visiwani umeshatoka, na siku ya kurudi unaingia upya. Hili hakuna mshauri hata mmoja aliyenitajia.

Usiku ule mezani jirani zetu walilalamika kwamba basi lao la matembezi lilisimama kwenye maduka matatu. Wakatuuliza sisi tulilipa kiasi gani. Nikaanza kupiga hesabu, nauli, kiingilio, chakula, boti, haikufika dola arubaini kwa mtu. Kabla sijamaliza, wifi alishaegemea mbele, anawaeleza wagonge vipi bodi ya basi, na kwamba mpango wote aliupanga yeye tangu mwanzo.