Sekunde Mbili kwa Kila Mzunguko

Mwezi wa Agosti 2004, nilipokuwa Kidato cha Tatu katika skuli moja ya upande wa Wete, kisiwani Pemba, Maalim aliyetufundisha hesabu na kutusimamia katika riadha aliniita chini ya mwembe uliokuwa pembeni mwa kiwanja, akanitaka nimwoneshe karatasi niliyoibandika ndani ya jalada la daftari langu. Juu ya karatasi hiyo nilikuwa nimeandika kwa kalamu nyekundu 16:40, nikapiga mistari miwili chini yake. Huo ndio muda niliojiwekea kwa mbio za mita 5,000 katika mashindano ya skuli yaliyokuwa yafanyike Gombani mwezi uliofuata, na sikuwa nimemwambia mtu isipokuwa mwenzangu wa dawati, ambaye bila shaka ndiye aliyeifikisha habari.

Maalim aliitazama namba ile kwa muda mrefu. Hakucheka wala hakuniambia kuwa haiwezekani, na kwa hilo namshukuru mpaka leo, kwa sababu kijana wa umri ule akichekwa hufunga daftari na halifungui tena mbele ya mtu mzima. Aliniuliza tu imetoka wapi. Nikamjibu kuwa ndio muda wa kijana aliyeshinda mwaka uliopita. "Kwa hivyo ni namba ya mwenyewe," akasema. "Na yako wewe iko wapi?"

Yangu ilikuwa 18:45, niliyoikimbia mwezi wa Mei. Akachukua penseli, akageuza muda huo kuwa sekunde 1,125, akazigawa kwa mizunguko 12 na nusu, akapata sekunde 90 kamili kwa kila mzunguko wa mita 400. Kisha akaichukua ile ya kalamu nyekundu: sekunde 1,000, yaani 80 kwa mzunguko. Mimi niliyekuwa nikipata alama nzuri katika somo lake sikuwahi hata siku moja kufanya hesabu ile. Nilikuwa nikiona dakika mbili na ushei, na dakika mbili kwa kijana si kitu, lakini sekunde kumi za kupunguza kwenye mzunguko mmoja, halafu mwengine, halafu mwengine, mpaka wa kumi na mbili, zilinifanya nikae kimya.

Alikuwa na ushahidi mwengine katika daftari lake. Mwezi wa Julai tulipokutana na skuli jirani, niliondoka kwa kasi ya sekunde 80 nikiwa mbele ya wote, kwa kuwa mjomba wangu alikuwa amenisimulia jinsi Filbert Bayi, mkimbiaji wetu wa Tanzania, alivyoongoza mbio za mita 1,500 tangu mwanzo mpaka mwisho kule Christchurch, New Zealand, mwaka 1974, nami niliamini kuwa ushujaa wa mkimbiaji ni huo. Mizunguko mitano ya kwanza Maalim aliiandika hivi: 80, 80, 82, 87, 92. Baada ya hapo kichomi kilinishika ubavuni, mapaja yakawa mazito kama yamefungwa mchanga, na mizunguko iliyobaki ilikwenda kwa sekunde 100 na zaidi. Nilimaliza kwa 19:34, nyuma ya vijana ambao mazoezini nilikuwa nikiwaacha. Mwili ukikimbizwa kupita kiasi cha oksijeni unachoweza kukitumia, uchovu hujikusanya katika misuli upesi kuliko unavyoondoka, na mkimbiaji aliyefika hapo katika mzunguko wa tano hana tena la kufanya ila kuvumilia.

Nilimtaja Bayi kwa kujitetea. Maalim alimjua Bayi kuliko nilivyomjua mimi. Akaniambia kuwa rekodi ya dunia ya mita 1,500 aliyoikuta ilikuwa ya Jim Ryun wa Marekani, 3:33.1, iliyokaa tangu mwaka 1967, na kwamba Bayi aliishusha hadi 3:32.2. "Toa hesabu," akasema. Nikatoa: sehemu tisa za kumi za sekunde moja. Karibu miaka saba dunia nzima ilikuwa ikiitafuta tofauti ambayo haitoshi hata kulitamka jina la Bayi na la baba yake.

Halafu akaniuliza jambo ambalo sikulitarajia. Msimu wa karafuu ulikuwa umeshaanza, majamvi yalikuwa yameanikwa kila ua, na siku zisizo za skuli nilikuwa nikichuma katika shamba la mjomba. "Juzi ulichuma pishi ngapi?" Nikamwambia nne. "Na ukenda tena utachuma ngapi?" Nikamwambia nikijitahidi zitafika tano. "Mbona husemi kumi?" Nikamjibu kuwa kumi huchuma mjomba, naye amekuwa akipanda mikarafuu tangu kabla sijazaliwa, anajua tawi gani linamhimili na shada gani limekomaa. Maalim hakuongeza neno. Aliniachia penseli, akaangalia kiwanjani, nami nikaandika chini ya 16:40 namba nyengine: 88.

Alikubaliana nayo, kwa sababu alizonieleza moja moja. Mazoezi ya miezi mitatu tangu Mei yalikuwa yameshaingia miguuni, ila niliyapoteza Julai kwa kuondoka vibaya. Tulikuwa katika kipupwe, na hali ya hewa ya jioni ilikuwa nafuu kuliko joto la kaskazi ambalo hata mkimbiaji hodari humtoa sekunde nyingi. Sekunde mbili kwa mzunguko zingeshusha muda wangu kwa sekunde 25, hadi 18:20, na hizo, alisema, ni nyingi za kumfurahisha mtu na si nyingi za kumvunja. Akapanga jaribio Jumamosi ya wiki iliyofuata, baada ya sala ya alasiri.

Kiwanja chetu tulikipima wenyewe kwa kamba na kukichora kwa majivu. Upepo wa kusi ulikuwa ukivuma jioni ile, ukitupiga usoni upande wa minazi na kutusukuma upande wa madarasa. Mtoto wa Kidato cha Kwanza alikaa kwenye mstari wa kumalizia akiwa na makonyo kumi na mawili kiganjani, vile vijiti vya mashada ya karafuu, na kazi yake ilikuwa kuangusha moja kila nikimaliza mzunguko mzima, ili mtu yeyote asije akakosea idadi. Maalim alisimama pembeni yake na saa ya kupimia mbio. Tulikuwa vijana wanne, na wawili kati yao walikuwa na kasi kunipita.

Nusu mzunguko ya mwanzo inatakiwa sekunde 44. Niliipita kwa 41, kwa kuwa wale wawili waliondoka kama wanaokwenda kuzima moto, na miguu yangu ikawafuata kabla sijaamua. "Punguza!" Maalim alipiga kelele. Kupunguza mwendo huku mgongo wa mwenzako unakwenda mbali nawe ni jambo gumu kuliko kuongeza, na kwangu ndilo lililokuwa gumu kuliko yote ya siku ile. Nilipunguza. Mzunguko uliofuata ukawa 87, kisha 88 mara nne mfululizo, na kila nikipita nilisikia namba ikitajwa kwa sauti ileile isiyo na sifa wala lawama, na konyo likianguka mavumbini. Baada ya hapo zikaja 89 mbili. Katika mzunguko wa nane, 90, nilianza kumwona mmoja wa wale wawili akirudi kwangu, mabega yamempanda hadi masikioni, na nikayatambua mabega yale kwa kuwa yalikuwa yangu mwezi uliopita.

Wa tisa na wa kumi ilikuwa 91. Upande wa minazi nilihisi kama mtu amenishika kifuani. Nilijua kuwa namba inaniponyoka, nikajiambia nisiifukuze yote kwa mara moja, niirudishe sekunde moja tu. Ikarudi moja: 90. Kisha konyo la mwisho likabaki kiganjani mwa mtoto yule, akasimama na kuliinua juu ili nilione, na mzunguko ule nikaukimbia kwa sekunde 83, kasi ambayo mwezi wa Julai niliiacha kwenye mzunguko wa tatu.

18:23. Zilinikosa sekunde tatu kufika nilipopaandika, lakini nilikuwa nimeshusha sekunde 22 kutoka muda wangu wa Mei. Nililala chali kwenye majani huku nikisikia harufu ya karafuu ikija kutoka majumba ya nyuma ya skuli, na nikafurahi kwa namna ambayo sikuwahi kufurahi nilipokuwa nikimfukuza mshindi wa watu wengine. Niseme hapahapa kuwa nilimaliza sekondari bila ya kuifikia 16:40. Muda bora wa maisha yangu ni 17:31, nilioukimbia mwaka uliofuata, na naijua kila sekunde ya muda ule ilivyopatikana na ilipatikana wiki gani.

Maalim alikuja akakaa karibu yangu, akaniwekea daftari kifuani, limefunguliwa kwenye jalada, na penseli juu yake. Moyo ulikuwa bado unanienda mbio, na ule mzunguko wa mwisho ulinitia tamaa. Niliifikisha penseli kwenye karatasi kwa nia ya kuandika 84. Nikaitazama ile 91, na ile 91 ya pili, alizoziandika kwa mkono wake uliolala kidogo upande wa kulia. Nikaandika 87.

Aliisoma, akalifunga daftari, akaenda kumsaidia mtoto yule kuokota makonyo.